Mchanga wa tangi ukianza kunuka yai viza

Simu ilikuja Jumatatu saa tatu asubuhi kutoka kliniki moja ya meno hapa Kisumu mjini. "Fundi, samaki wawili wameelea tumbo juu, na huku wanakokaa wagonjwa kunanuka vibaya."

Nilipofika sikuhitaji hata kutoa vifaa vya kupimia maji. Tangi lenyewe ni la lita 200 hivi. Kuna mtu aliyetaka kuwe na kilima, akaurundika mchanga upande mmoja hadi ukazidi urefu wa kiganja changu. Nilichukua kijiti cha mshikaki nikakididimiza hapo kilimani polepole. Sentimita mbili, tano, hakuna kitu. Kwenye saba mapovu yalichomoka, yakapasuka juu ya maji, na harufu ya yai viza ikanipiga puani. Nilipokichomoa kijiti, ncha yake ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria.

Mzee anayewalisha samaki hao alinitazama. "Kwani kijana, tuliuziwa mchanga mbovu?"

"Hapana mzee. Mchanga ni mzuri, ila umekosa pumzi."

Watu wengi wanaoniita huuona mchanga kama zulia, kitu cha kupendezesha sakafu ya tangi. Kumbe kila chembe imevikwa bakteria. Wale wa juu, wanaopata oksijeni, huigeuza amonia inayotoka kwenye mavi ya samaki na mabaki ya chakula kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ukishuka sentimita chache oksijeni inaisha, na hapo wapo bakteria wengine wanaotumia naitreti badala ya oksijeni na kuiachia kama gesi ya naitrojeni. Hao ni marafiki. Ukiona vipovu vidogo visivyo na harufu vikitoka mchangani, waache waendelee na kazi.

Matatizo huanza chini zaidi, hasa pale chakula kilipofukiwa. Naitreti nayo ikiisha, bakteria wa tabaka hilo hugeukia salfeti, chumvi yenye salfa iliyoyeyuka majini, na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Hiyo huua samaki hata ikiwa kidogo. Ule weusi ni chuma kilichoungana na salfa, na wenyewe si sumu. Ukiutoa nje ukapigwa na hewa, hufifia ukawa wa kahawia. Kwa hiyo sishtuki nikiona mstari mweusi kwenye kioo. Mimi huamini pua.

Nilimuuliza mzee analisha mara ngapi kwa siku. Alisema yeye ni mara moja tu, asubuhi. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kila mtoto anayeletwa kung'olewa jino hupewa vidonge vya chakula arushe ili asilie.

Kilima kama hicho hakikorogwi samaki wakiwa ndani. Ukikikoroga unaiachilia gesi yote kwa mara moja. Niliwahamishia waliobaki kwenye ndoo yenye maji yao wenyewe na jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu, nikaunyonya mchanga wa kilimani kwa mpira hadi kwenye karai, uchafu na chembe pamoja. Nilibakiza sentimita nne kila mahali, nikabadilisha nusu ya maji, nikaacha pampu ya hewa ifanye kazi mpaka harufu ikaisha kabisa.

Sikuutoa mchanga wote, na kwa hilo nilishapata funzo langu zamani nikiishi mtaa wa Nyalenda. Nilikuwa na tangi la fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao spishi zao nyingi zilitoweka miaka ya 1980 baada ya mbuta (sangara), aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kuwafyeka. Nilikuwa nikijivunia sana. Basi Jumamosi moja nikautoa mchanga wote, nikauosha kwa maji ya mfereji hadi ukang'aa, nikaurudisha. Maji yalikuwa kama kioo. Siku ya tatu fulu wangu walikuwa juu wakihema, matamvua yakienda mbio. Klorini ilikuwa imewaua bakteria, na amonia haikuwa na wa kuishughulikia. Alibaki dume mmoja.

Siku hizi mchanga uliokwisha kukaa tangini hauonji maji ya mfereji kwangu. Kila wiki, ninapobadilisha robo ya maji, nashika mdomo wa mpira kama sentimita mbili juu ya mchanga na kuuzungusha kidogo. Uchafu hauzami kwenye mchanga kama unavyozama kwenye kokoto. Hukaa juu, huinuka na kuingia mpirani, chembe nzito zikabaki. Chembe zikianza kupanda nazo, naubana mpira kwa vidole. Kisha nachukua kile kijiti cha mshikaki na kuchomachoma theluthi moja ya sakafu, wiki ijayo theluthi nyingine. Basi. Kwenye mimea sichomi, kwa kuwa mizizi hupeleka oksijeni chini yenyewe.

Wapo pia vibarua wa bure: konokono wembamba wenye gamba refu lililosokotwa kama skrubu. Mchana hujichimbia mchangani, usiku hutoka. Ukiwaona wote wamepanda kioo mchana kweupe, kagua chini haraka. Na wakizaana kupita kiasi, ujue unalisha kupita kiasi. Ila usijiokotee konokono ziwani kiholela. Wapo wanaoeneza kichocho, na ukiingia majini bila buti kuwatafuta, unaweza kutoka nacho wewe mwenyewe.

Swali ninaloulizwa zaidi ni mchanga wa kununua wapi. Mchanga wa mto wa ujenzi unafaa ukichekechwa. Nataka chembe za kati ya nusu milimita na milimita mbili, maana vumbi laini hujishindilia kama saruji na kuziba njia za maji. Kwa tangi la sentimita 100 kwa 40, kina cha sentimita nne ni lita 16, yaani kilo 25 hivi ukiwa mkavu. Usichukue ule uliomwagwa karibu na saruji au uliodondokewa na oili ya lori. Unaotoka ufukweni mwa ziwa nauanika juani siku kadhaa mpaka ukauke kabisa. Mteja wangu wa Nakuru aliniletea gunia la mchanga wa kwao, tukauosha, tukaujaza maji, na sehemu yake ikaelea. Yale mawe ya volkano yana matundu ya hewa! Tulicheka, lakini pampu yake haikucheka. Wa pwani una vipande vya matumbawe na makombe. Dondoshea siki, ukitoa povu ujue utaongeza ugumu wa maji, yaani chokaa iliyoyeyuka, na kupandisha pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji. Fulu hawajali sana, ila wapo samaki watakaoumia.

Mchanga mpya, huo ndio wa kuosha kwa maji ya mfereji. Osha kidogo kidogo ndani ya ndoo, ukiukoroga kwa mkono, mpaka maji yatoke safi. Ukijaza tangi, weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya sahani. Mdomo wa filta uwe juu ya sakafu kwa kiganja kizima.

Sisi wa Kisumu tuna shida mbili ambazo mwenzetu wa Nakuru, kwenye baridi yake ya usiku, hana kwa kiasi hiki. Maji yetu ni ya moto, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo huku bakteria wakiila kwa kasi. Halafu kuna stima. Ikipotea usiku kucha, tabaka la chini ndilo la kwanza kukosa hewa. Mimi nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na usiku stima ikiwa imepotea, siwalishi asubuhi yake.

Yule dume aliyebaki Nyalenda alinifunza jambo la mwisho kuhusu mchanga. Fulu dume akitaka jike huchimba shimo kwa mdomo, chembe kwa chembe. Wangu alichimba chini ya jiwe kubwa nililolilaza juu ya mchanga, likamwangukia. Tangu siku hiyo mawe nayaweka kwanza, juu ya kioo chenyewe, ndipo namwaga mchanga kuyazunguka.