Kuzuia kujiua shuleni: somo hili linafundisha nini hasa?

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya kata hapa Moshi, mwalimu wa malezi alitangaza kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wataanza vipindi vya kuzuia kujiua. Mama mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hapo si ndiyo mnawafungua macho watoto?" Wazazi wakaguna kumuunga mkono.

Swali lake lilikuwa la haki. Mtu akisikia "somo la kujiua" anafikiria mtu amesimama mbele ya darasa anaeleza mambo ya kutisha. Somo lenyewe halina maelezo ya namna mtu anavyojiua, wala picha, wala visa vya kusisimua. Mwanafunzi anafundishwa kutambua dalili za hatari, kwake mwenyewe au kwa mwenzake, kisha kuuliza waziwazi, kisha kumfikisha mwenye shida kwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Neno lenyewe mtoto wa Pasua au Majengo ameshalisikia siku nyingi, msibani na redioni. Asichowahi kuambiwa ni afanye nini akilisikia kwa rafiki yake. Na kuhusu hofu ya yule mama, Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu, maana wamepata pa kulitua.

Wanaolengwa ni wanafunzi kwa sababu kijana mwenye mawazo haya aghalabu haanzi kwa mwalimu wala kwa mzazi. Anaanza kwa mwenzake, usiku bwenini baada ya prepo, au njiani kurudi nyumbani: "Nimechoka na maisha. Ila usimwambie mtu." Huyo mwenzake ana miaka kumi na tano na sasa amebeba mzigo ambao hata padri ungemlemea. Akisema, ataitwa mnoko. Kwa hiyo kipindi kizima kinaweza kuishia kwenye jambo hili moja: kuna siri za kutunza, na kuna siri ambayo ukiitunza humsaidii mwenyewe. Wanafunzi hubishana sana hapa, na waachwe wabishane.

Sehemu ngumu zaidi ni kuuliza. Wanafunzi hukaa wawili wawili, mmoja anaigiza mwenye shida, mwingine anauliza. Muulizaji wa kwanza anasema, "We usije ukafanya mambo ya ajabu, sawa?" Hilo ni onyo, si swali. Muulizaji wa pili anajaribu: "Hufikirii kujiua, eti?" Mwenzake anajibu, "Ndiyo." Ndiyo ipi sasa? Ndiyo nafikiria, au ndiyo sifikirii? Kiswahili chetu kina mtego huo, swali la kukanusha hujibiwa kwa ndiyo yenye maana mbili, na muulizaji mwenye woga huchukua ile inayomfaa yeye. Ndiyo maana wanafundishwa kuuliza bila kukanusha: "Unafikiria kujiua?" Mara ya kwanza darasa zima hucheka. Kufika mara ya nne linatamkika.

Dalili zenyewe si siri: kujitenga ghafla, kugawa vitu vyake vya thamani, kusema yeye ni mzigo kwa familia, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kubadilika usingizi na hamu ya kula. Dalili moja peke yake inaweza isiwe kitu. Ila hapa niwaseme kidogo waandishi wa habari: vichwa vya habari vya "kisa mapenzi" au "kisa matokeo" vinatudanganya. Matokeo ya Januari yanaumiza kweli, lakini kujiua huwa hakuna kisa kimoja. Nyuma yake kunaweza kuwa na sonona isiyotibiwa, kuonewa bwenini, kipigo au udhalilishaji nyumbani, vyote vikiwa vimerundikana.

Je, vipindi hivi vinasaidia? Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015 ulihusisha wanafunzi zaidi ya 11,000 katika nchi 10 za Ulaya. Shule zilizofundisha walimu peke yao kutambua dalili hazikuonyesha tofauti ya maana. Zile zilizowafundisha wanafunzi wenyewe, kwa saa chache za mjadala na maigizo, zilikuwa na majaribio mapya ya kujiua takribani nusu tu ya yale ya shule zisizopata mafunzo, mwaka mmoja baadaye. Ulaya si Kilimanjaro, najua. Lakini anayelala kitanda cha juu yako anakujua kuliko mwalimu, huku kama kule.

Mwalimu naye hakwepi, maana mnyororo unaishia kwake. Akijibu "acha utoto" au "kasali", ameukata. Kazi yake ni kukaa na mtoto, kumsikiliza bila kuhubiri, kutomwacha peke yake, kuhakikisha vitu vya hatari viko mbali naye, kumwita mzazi na kumpeleka hospitali. Hapa Moshi, hospitali za Mawenzi na KCMC zina huduma za afya ya akili. Wengine huogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025, sisi bado. Lakini sheria yetu inazungumzia jaribio. Mtoto anayesema "nafikiria kujiua" hajavunja sheria yoyote, na mwalimu aliyemsikiliza hajaficha mhalifu.

Asiye na mwalimu wa kumwamini apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na rafiki anaweza kupiga kwa niaba ya mwenzake.