Nyaya Zimetolewa, Meno Bado Hayajatulia

“Nyaya za kunyoosha meno zikitolewa, matibabu yamekwisha.” Hapana. Siku hiyo meno yamefika mahali pake, lakini hayajashikwa. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikiliwa na nyuzinyuzi, ambazo huhitaji miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Zile za ndani ya ufizi ni kaidi zaidi: huweza kuchukua hata mwaka mzima, na muda wote huo hulivuta jino lirudi lilikotoka, hasa lile lililokuwa limezunguka. Ndiyo maana riteina, kifaa cha kuyashikilia meno, mara nyingi huvaliwa mchana na usiku katika miezi ya kwanza, kisha usiku tu, kwa ratiba ya daktari.

“Baada ya miaka miwili iache riteina.” Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuvaa nyaya. Anayetaka yabaki yalivyo, aendelee kuivaa usiku.

“Magego ya mwisho ndiyo huyasukuma.” Meno hubanana hata kwa wasio na magego hayo. Gego lisilo na tatizo lising'olewe kwa hofu hiyo peke yake.

“Waya uliogandishwa nyuma ya meno hauhitaji uangalizi.” Waya huu ni riteina isiyovuliwa, na dhana hii inatutia wasiwasi kuliko zote. Ukoga hujikusanya kwenye waya, ukaganda kuwa mgumu na kuvimbisha fizi. Uzi wa meno hauwezi kushuka moja kwa moja kati ya meno, maana waya umeziba njia. Upenyeze chini ya waya kwa kitanzi cha plastiki, au tumia brashi ndogo za kati ya meno. Tena gundi inaweza kubanduka kwenye jino moja bila maumivu yoyote, na jino hilo likaanza kusogea taratibu. Pitisha ncha ya ulimi kwenye waya kila mara. Waya ukilegea popote, usingoje miadi ijayo.

“Ichemshe riteina uue vijidudu.” Maji ya moto huipinda riteina ya plastiki, nayo dawa ya meno huikwaruza. Yatosha maji baridi, sabuni laini ya maji na mswaki mlaini.

“Ikibana, imeharibika.” Kubana kidogo baada ya kuikosa siku chache maana yake meno yameanza kusogea: ivae. Isipoingia mpaka mwisho, usiilazimishe kwa kuing'ata. Rudi kwa daktari upesi.