Shoka zito si lazima lipasue kuni vizuri

Wengi huamini kwamba shoka likizidi uzito, ndivyo linavyozidi kupasua. Uzito husaidia, lakini kasi husaidia zaidi. Uzito ukiongezeka mara 2, nishati ya pigo nayo huongezeka mara 2. Kasi ikiongezeka mara 2, nishati huongezeka mara 4. Ndiyo maana shoka la kilo 4 mikononi mwa mtu aliyechoka huzidiwa na la kilo 2 linaloshuka kwa kasi. Kwa mtu mzima wa kawaida, kichwa cha kilo 1.5 hadi 2.5 kinatosha.

Kinachosahaulika ni umbo. Shoka la kukatia miti lina mashavu membamba: huzama ndani ya gogo na kunasa, ufa haufunguki. La kupasulia liwe kama kabari, jembamba kwenye makali kisha linanenepa haraka kuelekea tundu la mpini. Wala halihitaji makali ya wembe. Yakiwa membamba mno humeguka yakikutana na fundo.

Tazama kitako cha mpini. Mistari ya mti ifuate mwelekeo wa makali. Ikikatisha, mpini huvunjika mapema. Urefu wa sentimita 75 hadi 90 unafaa wengi. Kisha tikisa kichwa. Kikicheza hata kidogo, usilitumie mpaka likazwe kwa kabari mpya. Kuliloweka majini (dawa maarufu hiyo) hukaza kwa muda tu: mti ukikauka husinyaa, na kichwa hulegea kuliko mwanzo.