Pollentia: mji unavyojulikana kwa vigae vilivyo chini ya sakafu

Mtu akiniuliza tunajuaje kwamba mahali fulani palikuwa mji wa Kirumi, mara nyingi huwa tayari ana jibu lake: sanamu ya marumaru, au sakafu ya vijiwe vya rangi. Humwomba aviweke kando kwanza. Tajiri mmoja angeweza kujijengea jumba lenye sakafu hiyo katikati ya shamba, mbali na mji wowote. Ninachotafuta mimi ni vitu visivyowezekana bila watu wengi kuishi pamoja: barabara zinazokutana kwa mpango, maduka yaliyoshikana kuta, na uwanja wa umma wenye hekalu.

Mfano ninaoupenda uko Mallorca, kisiwa cha Hispania. Nje kidogo ya kuta za Alcúdia, kaskazini mwa kisiwa, yamo mabaki ya Pollentia. Usichanganye na Pollença, mji mwingine wa hapo hapo kisiwani uliobaki na jina hilo. Jiwe na tofali la Pollentia yenyewe viko Alcúdia.

Uchimbaji wa mpangilio ulianza mwaka 1923. Katika mtaa wa Sa Portella zilifukuliwa nyumba zenye ua katikati, zikitazamana na barabara yenye baraza za nguzo. Moja inaitwa Nyumba ya Kichwa cha Shaba, kwa sababu ya kichwa cha msichana kilichookotwa humo. Kwingine ukaonekana uwanja wa umma, na hekalu lenye vyumba vitatu vya miungu, Jupiter, Juno na Minerva. Hekalu la namna hiyo linaiga lile kuu la Roma, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko sanamu yoyote.

Sasa tufike kwenye tarehe, maana hapo ndipo penye utamu. Waandishi wa kale wanasema jemadari wa Kirumi Quintus Caecilius Metellus alivamia Mallorca na visiwa jirani mwaka 123 KK, na Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa kale, anaeleza kwamba alileta walowezi 3,000 kutoka Iberia, yaani Hispania bara na Ureno za leo. Vitabu vingi huchukua mwaka huo kuwa ndio mwaka wa kuzaliwa kwa Pollentia. Lakini vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, vilivyotoka chini ya majengo ya uwanja wa umma vinaelekeza kwenye miaka ya 70 hadi 60 KK. Pana pengo la nusu karne hapo.

Kigae kinahesabuje miaka? Fikiria mafundi wanaomwaga kifusi, wanakishindilia, kisha wanatandaza sakafu juu yake. Kila kilichomo kwenye kifusi kimefungiwa. Nikikuta humo vipande kumi vya vyombo vyeusi vinavyong'aa vya Italia, vya zama mbalimbali, sivitafutii wastani. Natafuta kilicho kipya kuliko vyote, kwa sababu sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kigae kipya kabisa kilicho chini yake. Vile tisa vikuukuu vinaniambia tu kwamba takataka za jana zilichanganyika na za juzi.

Je, Strabo alikosea? Sioni sababu ya kusema hivyo. Walowezi wanaweza kufika leo, wakaishi kwa miti na udongo, na watoto wao ndio wakajenga kwa mawe. Ninachokataa ni kuibandika tarehe ya vita juu ya ukuta ambao haukuwepo.

Mwishoni mwa karne ya 3 BK moto uliteketeza maduka ya kando ya uwanja. Kwetu sisi wachimbaji wa mambo ya kale, moto wa namna hii ni hazina: paa linaanguka, na mitungi na sahani zinabaki pale pale mwenye duka alipoziweka. Vyombo vyekundu vya udongo vilivyotoka ng'ambo, pande za Tunisia ya leo, vinapatikana Pollentia pia, na ukivishika bado ni laini kwa kidole.

Maisha yaliendelea baada ya moto, ila mji ulibadilika. Ngome ilijengwa juu ya sehemu ya uwanja wa zamani. Kwenye ukumbi wa michezo, uliochongwa katika mwamba, watu walikuja baadaye wakachimba makaburi papo hapo kwenye mawe ya viti. Ukisimama juu leo unayaona: mashimo membamba ya urefu wa mtu, yakikatiza safu ambazo zamani watazamaji walikalia.