Huo wimbo wa Céline unaotaka harusini una mganga ndani

Jumamosi nimeulizwa tena. Bibi harusi mtarajiwa, binti mpole sana, amekuja na dadake hadi pale tunapofanyia mazoezi Kondele, hapa Kisumu, simu mkononi skrini imepasuka kama ramani, ananiambia, "Ticha, nikiingia kanisani utuimbie ile ya Celine Dion ya Kifaransa. Si ni zile zake tu za Kiingereza ametafsiri, lakini kwa Kifaransa inakuwa tamu zaidi." Nikamuuliza ni gani, akaicheza. Pour que tu m'aimes encore. Hii ni mara ya nne mwaka huu na hata nusu ya mwaka haijafika, kwa hivyo naandika hapa mara moja tu, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mimi kazi yangu ni sauti. Nafundisha kwaya, napiga kibodi kwa harusi na matanga, na kwa sababu Kifaransa nilikisoma kidogo, shule huniita ninyooshe matamshi ya watoto kabla ya festivo, yale mashindano ya muziki ya shule. Kwa hivyo hizi nyimbo sijazisikia kwa matatu tu, nimekaa nazo laini kwa laini.

Hii ya kutafsiri tuimalize haraka. Céline amezaliwa Charlemagne, Québec, Kanada, 1968, kitinda mimba wa watoto 14, nyumbani wanaongea Kifaransa. Rekodi yake ya kwanza, 1981, ni ya Kifaransa na mamake ni mmoja wa walioiandika. 1988 akashinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kwa bendera ya Uswisi, Kifaransa, akiwapita Waingereza kwa pointi moja. Albamu ya kwanza ya Kiingereza imekuja 1990, na mwaka huohuo Québec wakampa tuzo ya msanii wa Kiingereza, akaikataa palepale jukwaani kwa sababu yeye hajioni kuwa msanii wa Kiingereza. Sasa nani anatafsiri nani? Na zile unazodhani ni zake kabisa, The Power of Love ilikuwa ya Jennifer Rush, All by Myself ilikuwa ya Eric Carmen tangu 1975. Ukitaka Céline aliyeshonewa nguo kwa kipimo chake, mtafute kwa albamu inaitwa D'eux, ya 1995, ambayo Jean-Jacques Goldman, mtunzi wa Ufaransa, alimwandikia karibu yote, na ndiyo hutajwa kuwa albamu ya Kifaransa iliyouza kuliko zote duniani. Huo wimbo wa bibi harusi umetoka hapo. Hata Uingereza, watu ambao Kifaransa wanakiogopa kama deni, ulifika namba 7.

Na ndiyo, kuna ya Kiingereza ya tuni hiyohiyo, If That's What It Takes, ilitoka mwaka uliofuata, 1996. Yaani Kiingereza ndicho kilichokuja nyuma. Ila hata kuiita tafsiri ni kuikosea heshima. Ya Kiingereza mtu anamsifu mpenzi wake, wewe ni jasiri, wewe ni taa yangu gizani, wewe ni nyumbani. Hiyo sawa, hiyo imba mbele ya padre na mashangazi wote, hakuna neno.

Ya Kifaransa mwanamke ameachwa.

Anaanza kwa kusema ameelewa maneno yote, ameelewa vizuri, asante. Hiyo asante ndiyo wimbo wenyewe. Wewe unajua ile asante ya mtu ameitwa ofisini akaambiwa kesho asije, anainuka, anasukuma kiti polepole, anasema "sawa, asante." Hiyo. Halafu anaanza kuahidi vitu, na kila beti ahadi zinazidi kuwa za mtu ambaye hajalala, atautafuta moyo wa huyu jamaa hata akiupeleka kwingine, hata kama kuna wengine wanacheza naye saa hii, atabuni lugha za kumsifu. Halafu anafika pale ambapo mimi huwa nasimamisha kibodi niangalie sura za watu: anasema dawa za marabouts wa Afrika, yale maneno yao ya uchawi, atayatamka bila kujuta, ili apendwe.

Waganga! Céline Dion anaenda kwa mganga! Zile karatasi zimebandikwa kwa milingoti ya stima kuanzia Kondele hadi Kibuye, "hurudisha mpenzi aliyepotea, siku tatu, namba ni hii," ndio anaongelea, na wewe unataka niimbe hiyo wakati babako anakushika mkono mnaingia kanisani.

Hapa nikae kidogo kwa sababu hili neno linanisumbua. Marabout si mganga haswa. Kule Afrika Magharibi ni mwalimu wa dini, anasomesha watoto, na wengine ndio hao huandika hirizi na kuombea watu. Ukiwa Mombasa ungesema mwalimu wa kombe na ungekuwa karibu zaidi kuliko mganga. Lakini masikioni mwa Mfaransa wa kawaida neno limeshuka hadi mtu wa kadi ndogo zinazogawanywa kwa vituo vya treni Paris, nitakurudishia mke, ndiyo maana nasema mganga na sioni haya sana. Je, inaniudhi kwamba wakitaja Afrika ni uchawi tu? Kidogo. Masoprano wangu walipoelewa walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kwa hivyo labda ni mimi tu nimezeeka.

Sasa encore, lile neno la mwisho la jina la wimbo. Hii ndiyo nimepigania na watu mpaka usiku. Encore ni "tena" na pia ni "bado," neno moja, na Kifaransa hakikulazimishi uchague. Ili unipende tena, maana yake mapenzi yaliisha, naanza kuyatafuta upya. Ili uzidi kunipenda, maana yake bado yapo, nayashikilia yasitoke. Ni wimbo mmoja au ni nyimbo mbili? Mimi kwa miaka niliimba "tena," naimba kama mtu wa matanga. Halafu siku moja nikaona huyu mama hajakubali kwamba imeisha, yeye hilo "tena" halijui, kwa hivyo nikahamia "bado," nikaanza kuimba kwa ubishi. Saa hii nimerudi katikati na ukiniuliza jibu sina, na yeyote anayekuambia analo namshuku. Na angalau sisi tuna bahati, ile m'aimes baada ya pour que (yaani "ili") ni ile e yetu ya "unipende," si "unanipenda." Ombi limo ndani ya kitenzi. Kiingereza pale lazima kizunguke, ndiyo maana hata hawakujaribu, waliandika wimbo mwingine. Mwimbaji wa hapa akielezwa hivyo mara moja anaelewa, uso unabadilika.

Matamshi nitapita mbio. Tu si "tu" yetu. Weka mdomo kama unapiga mluzi halafu useme "i." En ya encore haina n, haina ng', wanakwaya wangu wanapenda sana kuifunga na ng' kwa sababu Kiluo kimewazoesha, ulimi usiguse popote, acha sauti ipite puani. Mkazo uende mwisho, si kwa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, la sivyo wimbo unachechemea. Na tafadhali waalimu wa Kifaransa mniachie ile j'les. Pale kwa maneno ya uchawi anasema j'les dirai, yaani nitayasema, hasemi je les dirai, ameimeza hiyo je kama vile wewe unasema "nshakwambia" na si "nimeshakuambia." Waliosoma Kifaransa shule wananyoosha kila kitu, wanapata silabi moja zaidi, laini inamwagika nje ya ngoma, halafu wananiangalia mimi kama nimekosea kibodi. Goldman aliandika watu wakiongea, usimsahihishe. (Na wale wa kusema Kifaransa cha Québec si safi: kwa hii albamu anaimba karibu kabisa na cha Paris. Cha nyumbani kwao msikize akihojiwa.)

Kitu ambacho watu hawasikii kabisa, na ndicho mimi ningetaka wasikie, ni kwamba huku anaimba kidogo. Wanakuja kwangu wakijua Céline ni ile sauti ya meli na Titanic, kifua, mikono juu, noti inakaa mpaka maji yachemke. Goldman alimwomba apunguze, na Wafaransa hulitumia neno déchanter, yaani kama kuacha kuimba, na kwa Kifaransa cha kila siku neno hilohilo ni kuvunjika moyo, jamaa alipata mbili kwa moja. Beti za kwanza anaimba kama mtu anaongea na simu usiku na wengine wamelala chumba hichohicho. Mwanafunzi wangu akifika pale anasukuma, lazima asukume, mchango wa harusi umelipwa watu wanataka kusikia pesa yao.

Lakini niseme ukweli. Hiyo hadithi ya kupunguza niliisikia kabla sijaisikiza albamu kwa makini, kwa hivyo sijui kama ninachosikia nakisikia kwa masikio au kwa hadithi. Niliwahi kuwachezea masoprano bila kuwaambia chochote nikawauliza wamesikia nini tofauti. Mmoja akasema, "Hapa alikuwa na homa?" Pengine hiyo ndiyo kusikia kwa kweli na mimi ndiye nimejazwa maneno.

Kuna shaka nyingine kubwa kuliko hiyo. Kisumu hii sisi ni watu wa rumba, tumecheza Lingala miaka yote na wengi wetu hatujui wanasema nini. Mario ya Franco ni kijana mvivu analishwa na mama aliyemzidi umri, na nimeipiga kwa harusi mara ngapi, bwana harusi mwenyewe akiwa katikati anakata kiuno, hakuna aliyekufa. Kwa hivyo yule binti akiniambia anapenda tu vile inasikika, mimi na mganga wangu wa beti la pili tuna nguvu gani? Ninachoweza kusema ni kwamba Mario inakubeba kwa gitaa, zile gitaa zikianza neno halina kazi. Huu wa Céline ukitoa maneno kinabaki kidogo sana, tuni yenyewe haipandi sana, haikupi pa kupiga kelele, na ndiyo maana watu wakiiimba bila kuielewa wanaanza kuipamba na mapambo ya gospo. Ni maoni yangu hayo. Mpiga besi wangu anakataa.

Basi yule bibi harusi nilimwandikia maneno yote kwa Kiswahili kwa karatasi. Akasoma kimya, dadake anasoma juu ya bega lake. Wakafika kwa mganga wakacheka hadi machozi, halafu akanyamaza, akasema bado anaitaka, kwani padre atajua?

Nikamwambia padre wenu alisomea Kinshasa.

Akaangalia dadake. Akaniuliza kama naweza kuipiga bila maneno, kibodi tu, wakati wa kusaini cheti. Hiyo nimekubali. Tumeshusha sauti nusu hatua kwa sababu ya mtu wa saksafoni, na saksafoni nimemwambia aanze chini, chini kabisa, kama mtu anasema asante.