Kujitoa Umoja wa Ulaya hakukufuta sheria zake

Wengi huamini kwamba Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, sheria za Ulaya zilikufa usiku uleule. Sivyo kabisa. Kipindi cha mpito, ambapo sheria hizo ziliendelea kutumika, kilidumu hadi 31 Desemba, na Bunge lilikwisha kupitisha sheria mwaka 2018 ya kuzihifadhi nyingi kama sheria za nchi.

Kilichokatika ni mikataba ya biashara, na hapo Kenya iliguswa moja kwa moja. Maua yake yaliingia Uingereza bila ushuru kwa mpango wa Ulaya. Ndiyo maana Nairobi ilibidi isaini mkataba wake na London Desemba 2020, kabla mpito haujaisha. Tanzania, iliyo katika kundi la nchi maskini zaidi, ilifunguliwa soko bila mkataba kama huo.