Kuingia siyo kukubali: vipuri vya kisasa kwenye fremu ya Raleigh ya zamani

"Uzi wa Kiingereza ni uzi wa Kiingereza. Ukigoma, tafuta spana ndefu." Ushauri huu kuhusu uzi, yaani meno ya skrubu yanayoshika kipuri kwenye fremu, unasambazwa na watu wanaojiita mafundi, na unaua fremu nzuri ambazo hazitatengenezwa tena. Kipuri kinachogoma kabisa hakina madhara: unakirudisha dukani. Hatari ni kile kinachoingia nusu, kikabana, ukadhani kimekaa.

Viwanda vingi vya baiskeli vya Uingereza vilifuata uzi wa BSA (kampuni ya Birmingham), nyuzi 24 kwa inchi. Raleigh ya Nottingham ilikuwa na wake, nyuzi 26 kwa inchi, kwenye bomba la pedali (bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali) na kwenye shingo ya uma wa mbele. Vipenyo vinakaribiana mno, inchi 1.37 kwa BSA na 1⅜ kwa Raleigh, na ndiyo maana kikombe cha BSA, kile kinachoshika gololi ndani ya bomba la pedali, kinaanza kuingia bila kelele. Lakini hatua, yaani umbali kutoka jino hadi jino, ya uzi wa 24 ni mm 1.058, ya uzi wa 26 ni mm 0.977. Kila mzunguko unakosana kwa mm 0.08. Mizunguko miwili ya kwanza hutahisi kitu, wa tatu unaanza kubana, na kufikia wa sita meno ya kikombe yamepanda juu ya meno ya fremu. Hapo ndipo mtu wa spana ndefu anapofurahi kwamba "kimekaza". Hakijakaza, kimekata. Kinachobaki kwenye bomba ni vigongo vyembamba vya chuma. Kikombe kimekaa upande, gololi zinakula mstari mmoja tu, ekseli inazunguka kwa ulaini kisha inakaba mahali palepale kila mzunguko.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ajabu. Toa kikombe cha zamani, kipake penseli kwenye uzi, kibonyeze kwenye karatasi, kisha pima hatua 10 kwa venia (rula ya taya ya kupimia milimita). Ukipata karibu mm 10.6 ni uzi wa 24. Ukipata karibu 9.8 ni wa 26. Pima pia upana wa bomba la pedali lenyewe, ukingo hadi ukingo. Likiwa mm 68, pengine uko salama. Likiwa 71 au 76, ishuku Raleigh hadi karatasi ikuthibitishie. Usiamini nembo iliyobandikwa kwenye fremu, maana fremu hupakwa rangi upya na nembo huuzwa. Na kabla hujasukuma spana, kumbuka kikombe cha upande wa mnyororo kina uzi wa kushoto: kinafunguka kwa kuzungushwa kufuata saa.

Ukiwa na uzi wa 26, njia ninayoipendekeza kwanza ni kubakiza vikombe vya zamani na kubadili ekseli tu. Vikombe vya Raleigh ni chuma kigumu, na njia zinamopita gololi zikiwa hazina mashimo vitadumu. Tia ekseli ya kichwa cha mraba, gololi 11 za robo inchi kila upande, zikiwa huru bila kikapu, na grisi ya kutosha. Angalia umbali kati ya njia mbili za gololi kwenye ekseli mpya. Ekseli iliyotengenezwa kwa bomba la mm 68 ukiitia kwenye 71, kikombe cha kurekebisha (cha kushoto) kitazama ndani mm 3 zaidi, na pete ya kufungia itakosa uzi wa kushika. Ekseli za bomba la Kiitaliano la mm 70 zinakaribia zaidi. Kichwa cha mraba nacho kina aina mbili, JIS (kiwango cha Kijapani) na ISO (cha kimataifa). Krenki ya ISO ikipandishwa kwenye ekseli ya JIS hukaa nje kwa karibu mm 4.5, na mstari wa mnyororo unapotea.

Njia ya pili ni beringi iliyofungwa isiyotumia uzi, ile inayojitanua na kushika ukuta wa bomba kwa ndani. Inafaa pale uzi ulipokwisha kufa, ila ndani ya bomba pawe pasafi, bila rangi wala kutu.

Ya tatu ni kuchonga uzi wa 24 juu ya ule wa 26. Vitabu vinakataa, na hoja yao ni sahihi: unapata meno yaliyokatwa mara mbili, yenye nyama kidogo. Lakini zipo fremu zilizofanyiwa hivyo zinazobeba mizigo miaka mingi, na zipo zilizotema kikombe mapema. Naamini tofauti iko kwenye makali ya chombo na unene wa bomba, wala sijui namna ya kuona hilo kabla ya kukata. Kwa hiyo naiweka mwisho.

Uma ni hadithi ileile kwa kipenyo cha inchi 1: nati ya uzi wa 24 haifai kwenye shingo ya uzi wa 26. Hapa hakuna mjadala. Uma ukilegea barabarani, meno yanakwenda. Hamisha beringi na nati zote pamoja na uma wake.

Magurudumu. "Inchi 28" siyo kipimo, ni jina. Tairi ya 28 × 1½ ya baiskeli za mizigo hukaa kwenye ringi ya mm 635. Ringi za kisasa za 700C ni mm 622, na tairi zake nyingi nazo zimeandikwa 28. Kwenye 26 hali ni mbaya zaidi: 26 × 1⅜ ni mm 590, 26 × 1.75 ni mm 559. Soma namba ya mwisho kwenye ubavu wa tairi, kama 40-635, mengine yaache.

Ukitia 622 mahali pa 635, ringi inashuka mm 6.5. Breki za fimbo hazitafanya kazi, kwa sababu zinavuta pedi kwenye uso wa ndani wa ringi pana ya zamani, uso ambao ringi mpya haina. Tumia breki za kubana zenye mikono mirefu, au habu ya breki ya ngoma. Sturmey-Archer bado wanaitengeneza.

Habu ya nyuma ya mm 130 kwenye fremu yenye nafasi ya mm 114 kati ya miguu yake ya nyuma inataka kutanua mm 8 kila upande. Chuma kinavumilia. Ambalo vitabu vinalipita haraka ni kwamba mguu mmoja hupinda kabla ya mwenzake, kwa hiyo tanua upande mmoja mmoja. Pitisha uzi wa kushonea kutoka mdomo mmoja wa nyuma (pale ekseli ya gurudumu inapokaa), uzunguke bomba la usukani, urudi mdomo wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti iwe sawa kushoto na kulia. Kisha nyoosha midomo iwe sambamba, la sivyo ekseli itavunjika.

Ukibaki na krenki za kotapini, zile zinazoshikwa kwenye ekseli kwa pini, pini za Raleigh ni mm 9.5, wakati baiskeli nyingi za bara la Ulaya zinatumia 9.0. Zichonge kwa tupa zote mbili kwa pembe moja, na uziingize kwa kuelekeana kinyume, la sivyo pedali hazitakuwa mstari mmoja. Usipige nyundo, gololi zitachimba njia zake. Bonyeza kwa jiliwa, soketi ikiwa upande wa pili. Nati hushikilia tu, haivuti pini. Baada ya kilomita chache bonyeza tena, ndipo ukaze nati.